Mtoto Hakuwa Mkaidi: Milango ya Fahamu ni Amana

Alasiri moja ya kiangazi, mwendesha bodaboda alisimamisha pikipiki yake mbele ya msikiti wetu hapa Daa, wilayani Karatu, akamshusha mtoto wa miaka tisa ambaye ni mwanafunzi wa madrasa yetu. Alikuwa amekasirika, na vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi. Alisema kwamba alimpigia honi mtoto yule mara tatu akiwa nyuma yake barabarani, naye hakugeuka wala hakusogea pembeni, hata ikambidi aingize pikipiki mtaroni ili asimgonge.

“Katibu,” aliniambia, “watoto wenu mnawafundisha dini au mnawafundisha kiburi?”

Shutuma ile haikuwa ngeni kwangu. Ustadhi wake alikwisha kuniletea malalamiko mara mbili: kwamba mtoto akiitwa haitikii, kwamba kila siku anachanganya herufi zile zile, sin na shin na thaa, na kwamba fimbo haimsaidii. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kuliandika jina lake katika orodha ya watoto ambao kamati ingewaita wazazi wao na kuwashauri wawaondoe, ili wasiwacheleweshe wenzao.

Mzee mmoja aliyekuwa akitawadha aliyasikia maneno yetu. Aliinuka, akaenda taratibu nyuma ya mtoto, akapiga makofi karibu na kisogo chake. Mtoto hakushtuka. Kisha mzee akazunguka, akainama mbele yake na kusema kwa sauti ya kawaida, “Hujambo, mjukuu wangu?” Mtoto aliitazama midomo ya mzee, akatabasamu, akajibu, “Sijambo. Shikamoo, babu.”

Mzee akanigeukia. “Katibu, huyu si mkaidi. Huyu hasikii.”

Ndugu msomaji, nimeyaandika haya baada ya kuomba idhini ya wazazi wake, na sababu ni moja. Sisi tunaoishi Karatu tumezungukwa na viumbe ambao wageni huvuka bahari kuja kuwatazama. Tunasimulia pua ya tembo na jicho la tumbusi, lakini masikio ya mtoto aliyeketi mbele yetu hatukuyachunguza hata siku moja.

Kila kiumbe na mlango wake

Wazee wetu waliziita hisi “milango ya fahamu”, na waliita vyema. Nyumba isiyo na mlango haiingiwi na mgeni wala habari. Hata hivyo, milango hiyo haikufanywa sawa kwa viumbe wote. Kila mmoja amefunguliwa upande wake wa dunia, na upande mwingine amefungiwa.

Tuanze na tembo, jirani yetu mkubwa. Wilayani kwetu, mashamba yanayopakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro hutembelewa na tembo usiku, hasa mahindi yanapokaribia kukomaa. Mkulima huwasha moto na kukesha, lakini tembo huwa amekwisha kuipata harufu ya mahindi na harufu ya mkulima kabla yeye hajauona hata mkonga. Watafiti waliohesabu chembe za urithi zinazohusika na kunusa walikuta kwamba tembo wa Afrika anazo karibu 2,000, ilhali binadamu anazo kama 400 tu. Hata mbwa, ambaye kwetu ndiye mfano wa kunusa, hafikii nusu ya tembo.

Huko Amboseli nchini Kenya, mwaka 2007, ilichapishwa taarifa ya utafiti ambamo tembo waliwekewa nguo zilizovaliwa na watu mbalimbali. Waliponusa nguo ya Mmasai, ambaye vijana wake wana desturi ya kuwachoma mikuki, walikimbia kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi kuliko waliponusa nguo ya Mkamba, ambaye ni mkulima. Maana yake ni kwamba tembo hanusi mtu tu, bali hubagua hata jamii ya mtu.

Na sikio lake je? Sikio la binadamu mzima wa afya husikia mitikisiko ya hewa kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Chini ya hapo kwetu ni kimya. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Katy Payne, alipokuwa amesimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama mjini Portland, alihisi mtetemo katika hewa bila ya kusikia sauti yoyote. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba tembo huzungumza kwa ngurumo nzito zilizo chini ya uwezo wa masikio yetu, na ngurumo hizo husafiri kilomita kadhaa. Hata nyayo zao hupokea mitetemo inayopita ardhini. Kwa hiyo usiku unaodhani kwamba msitu umelala, huenda mazungumzo yamepamba moto na wewe hukualikwa.

Popo wadogo walao wadudu, ambao hulala katika mapaa ya nyumba na misikiti yetu, wamefunguliwa upande wa pili. Wao hutoa sauti kali zinazozidi mitikisiko 20,000, kisha husikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo hukwepa waya na kumnasa mdudu gizani.

Simba naye ana utando nyuma ya jicho unaourudisha mwanga upite mara ya pili, na ndiyo maana macho yake hung'aa yakimulikwa na taa. Tumbusi wa mbuga zetu, kinyume na wanavyodhani wengi, hawautafuti mzoga kwa harufu bali kwa macho, tena hutazamana wao kwa wao: mmoja akishuka, wa mbali humwona naye akafuata. Nyuki huona rangi iliyo ng'ambo ya zambarau, ambayo sisi hatuioni, lakini wekundu kwake ni kama weusi. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, na ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, na madereva wa utalii huwaonya wageni wasivae rangi hizo wanapoingia maeneo yenye mbung'o.

Muislamu hashangazwi na habari hizi, ila huzidishiwa imani. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Surat An-Naml tumesimuliwa habari ya chungu aliyewaonya wenzake, na ya hudihudi aliyemletea Nabii Sulayman (a.s.) habari ambayo Nabii huyo, pamoja na ufalme wake wote, hakuwa nayo. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufundisha tumuombe Mwenyezi Mungu fadhila zake tunaposikia jogoo akiwika, kwa kuwa jogoo ameona malaika. Ndege wa uani kwako anaona usichokiona. Basi ni wapi pa mwanadamu kujivuna kwa macho yake?

Mluzi wa bonde la Eyasi

Ukishuka kutoka nyanda za Karatu kuelekea Mang'ola utafika katika bonde la ziwa Eyasi, waliko ndugu zetu Wahadzabe. Huko yuko ndege mdogo, wa rangi isiyovutia, ambaye huwaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa porini. Mhadzabe hupiga mluzi. Ndege huitikia, akaruka mti hadi mti, na mtu humfuata mpaka penye nyuki. Mtu hufukiza moshi, hupasua mti na kuchukua asali. Ndege hula nta, kwani yeye ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kuimeng'enya. Jicho la ndege linajua nyuki walipo, na mkono wa mtu unajua moto na shoka. Kila mmoja anakamilisha upungufu wa mwenzake.

Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha matokeo ya jaribio la kupendeza. Waliwasikilizisha ndege wa Eyasi mluzi wa Wahadzabe, kisha mwito wa Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambao nao hufuata ndege huyo huyo lakini humwita kwa sauti nyingine kabisa. Ndege wa Eyasi walikuwa tayari kushirikiana na mtu zaidi ya mara tatu waliposikia mluzi wa kwao. Ndege wa Niassa nao waliupendelea mwito wa Wayao. Hitimisho ni kwamba ndege hujifunza lugha ya majirani zake.

Hapo, ndugu mzazi, pana somo letu. Ikiwa ndege wa porini hujifunza kwa kusikia, mtoto wa Adamu je? Mtoto hazaliwi na Kiswahili, Kiiraqw wala Kiarabu. Huipata lugha ya mama yake kupitia sikio, na Qur'ani huipata kwa talaqqi, mwalimu akisoma naye akifuatiza. Sikio likiziba katika miaka hiyo, halikosi sauti peke yake. Hukosa maneno, na mwenye kukosa maneno hukosa masomo, marafiki, na mara nyingi hukosa hata huruma ya watu. Mtoto kipofu humwona kila mtu na kumwonea imani. Asiyesikia, ulemavu wake haushikiki kwa macho, hivyo huitwa mkaidi, mjinga au mwenye kiburi.

Pua ya panya na nia ya mtu

Mfano mwingine uko Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 za makohozi kwa muda wa kama dakika 20, kazi ambayo mtaalamu wa hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Mmoja wao, aliyepewa jina la Magawa, alizaliwa na kufunzwa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia, ambako alifichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la kutetea wanyama, na alikufa Januari 2022 baada ya kustaafu.

Panya hajui bomu ni nini, wala hajui kwamba mama mmoja wa Kambodia sasa analima bila ya kuhofia miguu yake. Yeye hunusa na hupewa ndizi. Pua ni ya panya, lakini nia ni ya mtu.

Hapa ndipo mwanadamu alipotofautishwa. Hakupewa pua ya tembo, wala jicho la tumbusi, wala sikio la popo. Alipewa milango ya wastani, kisha ndani ya nyumba akawekewa moyo unaofahamu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 78, tunakumbushwa kwamba tulitolewa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, tukajaaliwa kusikia, kuona na nyoyo, ili tushukuru. Wanazuoni wamezingatia kwamba katika aya nyingi za namna hii kusikia kumetangulizwa kabla ya kuona. Na katika Surat Al-Israa, aya ya 36, tumeonywa kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Tembo hataulizwa alichonusa. Wewe na mimi tutaulizwa.

Wahenga wetu katika elimu walilifahamu jambo hili, wakaona kwamba kuchunguza milango ya fahamu ni ibada. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu mwaka 1040, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba jicho haliutoi mwanga kwenda kwenye kitu, kama walivyodhani wengi kabla yake, bali mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Kitabu chake cha elimu ya mwanga na kuona kilisomwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Kuku huota, mtu haoti

Sauti huingia sikioni na kutikisa kiwambo. Kiwambo hutikisa vifupa vitatu, ambavyo ndivyo vidogo kuliko mifupa yote ya mwili, navyo husukuma maji yaliyo ndani ya kijumba chenye umbo la konokono. Humo mna maelfu ya seli zenye vinyweleo vidogo mno, na ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa habari iendayo ubongoni.

Kuku akipoteza seli hizo, mwili wake huotesha nyingine, akasikia tena. Mwanadamu akizipoteza hazioti. Zile alizozaliwa nazo ndizo atakazozeeka nazo. Makelele makubwa huziua, iwe ni spika ya harusi iliyoelekezwa kwa watoto au vidude vya masikioni vya simu vilivyofunguliwa hadi mwisho. Homa ya uti wa mgongo huziua. Baadhi ya dawa kali za sindano nazo huweza kuziua zikitumiwa bila ya uangalizi wa daktari.

Lakini mara nyingi kwa watoto wetu tatizo haliko huko ndani. Liko njiani: nta iliyoganda, au usaha unaotoka sikioni baada ya mafua yasiyotibiwa, hata kiwambo kikatoboka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Ni mitihani ya Mwenyezi Mungu, ndiyo, lakini mtihani huja pamoja na dawa yake, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Mtoto wetu yule alikuwa wa kundi hilo. Mama yake alisema kwamba masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa na miaka minne. Waliyatia mafuta ya moto na majani waliyoelekezwa, yakakauka, yakarudi, nao wakazoea. Hospitalini yalisafishwa, akapewa dawa, na ikaonekana kwamba kiwambo cha sikio moja kimetoboka.

Tunachoweza kufanya

Mzazi na ustadhi wazitazame dalili hizi: mtoto anayeomba kurudiwa maneno kila mara, anayetazama midomo ya msemaji, anayegeuza sikio moja, anayeongeza sauti ya redio, anayechanganya herufi zinazofanana, au anayechelewa kusema kuliko nduguze. Msimamie nyuma, mwite kwa sauti ya chini akiwa hakuoni. Asipoitika, usichukue fimbo. Mpeleke kwenye zahanati au kituo cha afya. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta, majani, mafuta ya taa wala kijiti, kwani kiwambo kinaweza kuwa kimetoboka na kinachotiwa nje kikapita hadi ndani.

Macho nayo yasisahauliwe. Trakoma imekuwa ikizisumbua kwa muda mrefu jamii zetu za wafugaji, zikiwemo za Ngorongoro. Huenezwa na nzi na mikono isiyo safi, na baada ya maambukizi ya mara kwa mara kope hugeukia ndani na kulikwaruza jicho mpaka linapofuka. Kinga yake moja kubwa ni kunawa uso. Tafakari, ndugu yangu: umma ulioamrishwa udhu kwa ajili ya sala tano, ukaosha uso, ukasukutua kinywa, ukapandisha maji puani na ukapangusa masikio, umeamrishwa kuipitia milango yake ya fahamu kila siku. Je, inafaa watoto wa umma huo wakae na nzi machoni?

Na kwa wale ambao Mwenyezi Mungu hakuwajaalia mlango fulani kufunguka, tumkumbuke Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.). Alikuwa kipofu, naye alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.), akiadhini Alfajiri anapoambiwa na watu kwamba kumepambazuka. Macho ya wenziwe yalikuwa macho yake, na sauti yake ilikuwa saa yao. Tena Mtume (s.a.w.) alimwachia kuwaongoza watu katika sala Madina aliposafiri. Mtoto asiyesikia kabisa naye ana haki ya kuijua dini yake, kwa lugha ya alama ikibidi, na deni hilo liko juu yetu sisi wenye madrasa.

Kamati yetu imekubaliana mambo matatu: kila mtoto anayeandikishwa madrasa apimwe kwanza kusikia na kuona kwa njia nyepesi, huku tukimwomba muuguzi wa jirani atusaidie, mwenye mashaka akae safu ya mbele, mkabala na uso wa ustadhi, na asiondolewe mtoto yeyote kwa sababu ya kutofuatiza mpaka ijulikane kwamba anasikia. Hayahitaji mfadhili. Yanahitaji macho tu, na moyo ulio nyuma ya macho, kwani katika Surat Al-Hajj, aya ya 46, tumefahamishwa kwamba upofu wa kuogopwa ni wa nyoyo zilizomo vifuani.

Mtoto yule sasa huketi mbele, upande wa sikio lake zuri. Hasikii kama wenzake, na huenda asisikie hivyo maisha yake yote; miaka mitano ya usaha haifutwi kwa chupa moja ya dawa. Lakini shin yake na sin yake zimeachana. Wiki ya kwanza baada ya matibabu alinifuata baada ya sala ya Adhuhuri, akaniuliza ni kitu gani kinacholia juu ya paa la msikiti.

Nilitega sikio. Walikuwa shomoro. Walikuwepo siku zote.

Ewe Mola wetu, tustareheshe kwa masikio yetu, macho yetu na nguvu zetu maadamu umetuweka hai, na utusamehe tulipoyaona makosa ya watoto wetu kabla ya kuziona shida zao. Amin.